Ngoma Zilivyojenga Jina la Mji: Habari za Tamasha la Sauti za Busara

Hapa kwetu Usambara tunazijua siku za ngoma. Tunajua harusi ya Mlalo inavyokesha, na tunajua jinsi mdumange unavyowatoa watu majumbani hata walio na homa. Lakini ngoma zetu huja na shughuli. Shughuli ikiisha, ngoma nayo imekwisha, na kila mtu anarudi shambani kwake.

Leo nataka tuzungumze juu ya ngoma ya namna nyingine. Hii haingoji harusi wala jando. Ina tarehe yake katika mwaka, ina jukwaa, ina tiketi mlangoni, na watu hupanda ndege kutoka ng'ambo kuja kuiona. Inaitwa tamasha. Tamasha ninalotaka kulieleza linafanyika Unguja, katika Mji Mkongwe, nalo linaitwa Sauti za Busara. Lilianza mwaka 2004. Jina lake halihitaji mkalimani.

Tamasha ni kitu gani?

Tamasha ni mkutano wa wasanii na watazamaji, unaofanyika mahali pamoja kwa siku kadhaa, na kurudiwa kila mwaka. Neno hilo "kurudiwa" lishike vizuri. Ngoma ya siku moja, hata ikiwa kubwa namna gani, haijawa tamasha. Tamasha ni kama gulio. Gulio la Soni au la Lukozi lina nguvu kwa sababu mama mwenye viazi anajua siku yake, na mchuuzi wa Dar es Salaam mwenye lori naye anaijua. Siku ikibadilishwa ovyo, gulio hufa. Basi na tamasha ni hivyo hivyo.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Huko Uskochi, mji wa Edinburgh ulianzisha tamasha lake mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati watu wa Ulaya walikuwa bado wanapata chakula kwa kadi. Leo mji ule unajulikana duniani kwa tamasha hilo. Nchini Mali kulikuwa na Tamasha la Jangwani, lililoanza 2001. Wageni walikwenda mpaka Timbuktu kusikiliza magitaa ya Watuareg. Lakini baada ya tamasha la Januari 2012 vita viliingia kaskazini ya Mali, na tamasha halikuweza kufanyika tena pale. Kwa hiyo unaona, tamasha linaweza kukua, na linaweza kukatika pia.

Bagamoyo walitangulia

Isije ikadhaniwa kwamba Tanzania ilianza kuwa na matamasha mwaka 2004. Hapana. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya kushughulikia utamaduni. Sababu ilikuwa wazi. Wakoloni walikuwa wamewafanya vijana wetu waione ngoma ni ushenzi, na dansi ya kizungu ndiyo ustaarabu. Katika miaka ya 1960 kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Wachezaji walikusanywa kutoka makabila mbalimbali, wakafundishana, wakacheza hapa nchini na nje.

Baadaye kikundi kile kilivunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 1982 chuo hicho kikaanza tamasha lake la kila mwaka. Hapo mwanzo lilikuwa jambo la wanafunzi na walimu wao kuwaonyesha wananchi waliyojifunza. Polepole vikundi vya mikoani vikaalikwa, kisha vya nchi nyingine. Mwaka 2002 jumba la maonyesho la chuo liliungua moto. Lakini tamasha halikuungua pamoja na jumba. Siku hizi chuo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, tangu mwaka 2007.

Pale Bagamoyo ndipo alipofundisha Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Huyu bwana alikuwa mtu wa kijijini, fundi wa zeze na ilimba. Nyerere alipendezwa na sanaa yake, akaletwa Dar es Salaam. Alifika mpaka Uingereza, akarekodi huko na kupiga mbele ya maelfu ya watu, na hakuacha hata siku moja kuimba Kigogo. Alifariki Desemba 2003. Namtaja kwa sababu wako vijana wetu wanaodhani kwamba ili usikilizwe mbali ni lazima uimbe kama wa mbali.

Unguja, Februari 2004

Sasa twende Unguja. Mji Mkongwe ulikwisha kuwa na jina kabla ya Sauti za Busara. Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliuandika kuwa urithi wa dunia. Tangu 1998 palikuwa na tamasha la filamu, Tamasha la Nchi za Jahazi, ambalo watu hulitaja kwa herufi zake, ZIFF. Na muziki ulikuwako siku zote. Kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kilianza 1905, mwaka ule ule wa Maji Maji. Culture Musical Club wao walianza 1958. Kwa hiyo waandaaji hawakuukuta mji mkavu.

Mwaka 2003 iliundwa asasi isiyo ya kiserikali iitwayo Busara Promotions. Mkurugenzi wake alikuwa Yusuf Mahmoud, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Zanzibar. Februari 2004 wakafanya tamasha la kwanza. Kusudi lao lilikuwa moja: kukusanya muziki wa Afrika, na hasa wa Afrika Mashariki, upigwe mbele ya watu wa hapa na wageni kwa pamoja.

Mahali palipochaguliwa ni Ngome Kongwe. Ni boma la mawe lililojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno, mwishoni mwa karne ya 17. Ndani yake mna uwanja wa wazi, na mna ngazi za mawe za kukalia watazamaji. Mbele yake ni bustani ya Forodhani, na mbele ya Forodhani ni bahari. Hebu fikiri, ndugu yangu: ukuta ule wa kuzuia mizinga, leo unazuia watu wasiingie bila tiketi!

Tamasha hufunguliwa kwa maandamano. Beni hutangulia na matarumbeta yake, ngoma zikafuata, wako wanaotembea juu ya miti mirefu, na watoto wa mji wanakimbia pembeni. Hapo hakuna tiketi. Hii ni akili, maana mtu akikutana na tamasha mlangoni kwake, haliiti tena jambo la wageni. Usiku ndipo majukwaa ya Ngomeni huanza, kikundi baada ya kikundi, mpaka usiku wa manane.

Kwa nini Februari?

Sababu ya kwanza ni mvua. Uwanja wa Ngomeni hauna paa. Vuli huisha Desemba, masika huanza Machi. Katikati hapo kuna kaskazi, joto kali na ukavu. Sababu ya pili ni biashara. Watalii hujaa Desemba na Januari, kisha hupungua. Tamasha likiwekwa Februari, hoteli haziwi tupu. Na hoteli ikijaa, dereva wa teksi anapata, mama wa urojo anapata, mvuvi wa pweza anapata.

Lakini liko jambo la kuangaliwa. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Kwa hesabu ya kalenda, mwaka 2027 Ramadhani inachukua sehemu kubwa ya Februari. Unguja ni nchi ya Waislamu, na ngoma ya jukwaani haichanganywi na mwezi ule. Kwa hiyo mwenye kupanga tarehe za tamasha hana budi kuwa na kalenda mbili mezani.

Muziki wa kupigwa, si wa kuwashwa

Sharti moja la Sauti za Busara limelipa sifa kuliko yote. Muziki lazima upigwe hapo hapo, mbele ya watu. Maana siku hizi, hata huku kwetu, mwimbaji huja na kisahani au simu, muziki unawashwa, yeye anachezesha midomo. Ni rahisi, na ni nafuu kwa mwenye sherehe. Lakini mpiga ngoma amekaa nyumbani bila kazi, mpiga zeze vilevile, na mtoto hana wa kumwiga.

Sharti hilo lina gharama yake. Kikundi cha watu 12 kinataka nauli ya watu 12. Tufanye hesabu kidogo, kwa mfano tu. Chukua kikundi kinachotoka Mlalo. Kinashuka Lushoto, Soni, Mombo, kinapanda basi mpaka Dar es Salaam, halafu boti. Tuseme kwa mfano nauli yote ya kwenda ni shilingi 50,000 kwa mtu. Watu 12 ni shilingi 600,000. Kwenda na kurudi ni shilingi 1,200,000. Kula na kulala tuseme shilingi 30,000 kwa mtu kwa siku, siku tatu. Hizo ni shilingi 1,080,000. Jumla ni shilingi 2,280,000, na bado hakuna aliyelipwa hata senti kwa jasho lake! Sasa weka vikundi vingi, vingine vya kutoka Senegali au Afrika Kusini, weka na vipaza sauti, mafundi wa taa, walinzi na vibali. Hapo ndipo utaelewa habari inayofuata.

Mwaka ambao ngoma haikulia

Kuanzia 2004 mpaka 2015 tamasha lilifanyika mara 12 bila kukosa. Likakua. Magazeti ya Ulaya yakaandika. Maombi ya wasanii yakawa mengi mno, wengi wakakataliwa kwa kukosa nafasi. Mtu wa nje angesema hawa watu wametajirika.

Mwaka 2015 waandaaji wakatangaza kwamba 2016 hakutakuwa na tamasha. Fedha hazikutosha.

Ilikuwaje? Tiketi hulipa sehemu tu ya gharama. Na bei ya tiketi haiwezi kupandishwa tu, maana mwenyeji wa Ng'ambo au Michenzani hataingia. Ndiyo maana mwenyeji huuziwa kwa bei ndogo na mgeni wa kutoka ng'ambo ya bahari kwa bei kubwa. Ni haki kabisa, ingawa wageni wengine hununa. Pengo linalobaki lilizibwa na wafadhili, wakiwemo ubalozi wa Norway kwa miaka mingi, na makampuni. Mfadhili ana mipango yake. Mwaka mmoja anatoa, mwaka mwingine anasema fungu limekwisha. Na wale waliofaidika zaidi, wenye hoteli na wenye mashirika ya usafiri, si wote waliokuwa tayari kuchangia. Ng'ombe wa shirika, ndugu zangu: wa kumkamua wengi, wa kumkatia majani wachache.

Mimi naona tukio lile la 2016 lilikuwa na faida yake, japo liliuma. Watu wa mji waliona Februari bila tamasha ilivyo. Mwaka 2017 Sauti za Busara lilirudi.

Misukosuko haikuisha. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib lililo jirani na Ngome ilianguka na watu wakapoteza maisha. Tena ulikuwa wakati wa korona, nchi nyingi zimefunga mipaka. Hata hivyo Februari 2021 tamasha likafanyika, siku mbili tu badala ya nne. Wapo waliolaumu na wapo waliosifu. Miaka iliyofuata likapata tena nguvu.

Bi Kidude na wengine

Huwezi kueleza tamasha hili bila kumtaja Bi Kidude. Jina lake halisi ni Fatuma binti Baraka. Alikuwa mwalimu wa unyago, mwimbaji wa taarab na mpiga msondo, tena akiwa mkongwe kabisa. Alifunga ngoma kiunoni, akasimama, akapiga, na vijana wa miaka 20 wakachoka yeye akiwa bado. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Alipanda jukwaa la Sauti za Busara mara nyingi, na alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote, lakini wote wanakubali kwamba aliishi miaka mingi sana.

Bi Kidude alifuata nyayo za Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba, ambaye alihamia mjini bila kujua kusoma, akawa mwimbaji mkubwa, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Maisha yake yaliandikwa na mtu wetu wa Tanga, Shaaban Robert. Kitabu hicho mwanakisomo aliyemaliza hatua za juu anaweza kukisoma bila taabu nyingi. Kama maktaba ya kata yenu haina, waulizeni wenye kuihudumia.

Pamoja na wakongwe, jukwaa lile limewainua vijana wa mchiriku kutoka Dar es Salaam, wana wa ukoo wa Zawose, na kina mama wanaopiga vyombo ambavyo zamani vilikuwa vya wanaume. Mkurugenzi wa tamasha la Ulaya hawezi kuzunguka vijiji vyote vya Tanzania. Anakuja Unguja siku chache, anasikia vikundi vingi, anachagua anaowataka. Hilo ndilo soko lenyewe.

Si wote wanaofurahi. Wako wazee wa Unguja wanaolalamikia mavazi ya wageni, pombe na kelele za usiku. Malalamiko hayo yasipuuzwe. Mji ni wa wanaoishi humo kabla ya kuwa wa wanaoutembelea. Lakini naona pia kwamba bila jukwaa lile, ngoma nyingine za Unguja zingekuwa zimebaki katika picha za makumbusho tu.

Na sisi wa milimani?

Najua swali lenu. Lushoto ina baridi nzuri, ina Irente, watalii wanapita kila mwezi wakitembea kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae. Kwa nini nasi tusiwe na letu?

Inawezekana, lakini tusianze na jukwaa. Tuanze na ngoma zenyewe. Wapiga mdumange hodari wana umri gani sasa? Nani wamefundishwa? Katika vijiji vingi jibu si zuri. Mtoto anajua nyimbo za redio zote, lakini ukimwuliza wimbo wa bibi yake anacheka. Wataalamu wakifariki hapatakuwa na cha kupeleka jukwaani, hata tukipewa vipaza sauti vya bure.

Jambo la pili ni karatasi. Hapa ndipo wewe uliyejifunza kusoma unahitajika katika kikundi chenu. Kikundi kinachotaka kucheza kwa malipo kijiandikishe. Mwone Ofisa Utamaduni wa wilaya, atawaeleza utaratibu wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Pia iko Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Sheria ile haimlindi mwenye gitaa peke yake, inamlinda na mpiga ngoma. Mtu akija na kamera kijijini, akawarekodi, akaenda kuuza, hana ruhusa ya kufanya hivyo bila mapatano. Ofisi inayohusika ni COSOTA.

Mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi, si baada. Usomwe kwa sauti, kikundi chote kikisikia. Angalieni mambo haya: mtalipwa kiasi gani, mtalipwa lini, nani analipa nauli ya kurudi, na picha za video zitakuwa za nani. Nauli ya kurudi hasa! Vikundi vya vijijini vimewahi kuachwa mjini na ngoma zao begani kwa sababu karatasi ilitaja kwenda tu. Kama mkataba umeandikwa Kiingereza, ombeni wa Kiswahili. Si aibu.

Wanaotaka kupeleka maombi Sauti za Busara wajue kwamba wasanii huchaguliwa miezi mingi kabla ya Februari. Waandaaji hutaka kuona video ya kikundi kikipiga hasa, pamoja na maelezo mafupi: kikundi ni cha wapi, kina watu wangapi, kinapiga ngoma gani. Simu ya mkononi yatosha kupiga picha hiyo. Pigeni mchana, mahali pasipo na upepo, na mshika simu asicheze.